Miaka mitatu baada ya joho: nani anagharamia malezi ya mhandisi?

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wazazi huanza kunipigia simu. Wanataka kujua ada ya uhandisi ni shilingi ngapi, mkopo utatosha au hautatosha, na kama kijana aende civil, umeme au mitambo. Huwajibu kwa kadiri ninavyofahamu, kisha nami nawauliza: akishavua joho, ile miaka mitatu inayofuata ataigharamia nani?

Wengi hunyamaza, kwa sababu hawajawahi kuambiwa kwamba kuna miaka mitatu mingine.

Ipo, na ipo kisheria. Shahada ya miaka minne inakupa sifa ya kusajiliwa kama mhandisi mhitimu. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, ndiyo iliyounda Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), inataka angalau miaka mitatu ya kazi yenye usimamizi kabla hujaitwa mhandisi mtaalamu, yule mwenye mhuri, anayeweza kusaini mchoro na kuwajibika nao. Kwa hiyo hesabu ya kumpata mhandisi ni miaka saba. Minne ya mwanzo ina wenyewe: kuna chuo, kuna Bodi ya Mikopo (HESLB), kuna Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), kuna mzazi na ng'ombe wake wa kuuza. Mitatu ya mwisho mara nyingi haina mwenyewe. Mimi ni mhandisi wa ujenzi, nimepitia njia hiyo na sasa nawalea wahitimu wanaoipitia, na naamini hapo ndipo tunapowapotezea wengi.

Zamani haikuwa hivi, na inafaa kujua ilikuwaje. Enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kitivo cha uhandisi kilikuwa Nairobi. Mtanzania aliyetaka uhandisi alikwenda huko au ng'ambo. Chuo kile kikagawanyika mwaka 1970, na mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha kitivo chake, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Waliokianzisha walijua wanachokifanya: karakana ziliwekwa, na mafunzo kwa vitendo, hii PT ya wakati wa likizo ambayo kila aliyepita Mlimani anaijua, yaliingizwa ndani ya shahada yenyewe. Mhitimu akitoka alipangiwa kazi wizarani au kwenye shirika la umma. Huko alikuta wahandisi wakubwa waliomzungusha idara hadi idara. Mshahara wake ulilipwa na serikali, na mlezi wake pia. Miaka mitatu ile ilikuwa na mwenyewe.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Ajira serikalini zikasitishwa, mashirika yakabinafsishwa au yakafa, na kampuni binafsi zilizochukua nafasi zikawa zinatafuta mtu "mwenye uzoefu." Vyuo viliendelea kutoa wahitimu, lakini ile nyumba ya kuwalea ilikuwa imevunjwa. ERB iliona pengo hilo, na mwaka 2003 ikaanzisha mpango wa mafunzo kwa wahandisi wahitimu unaojulikana kwa kifupi kama SEAP. Mhitimu anaombewa nafasi kwenye kampuni au taasisi, anapewa mhandisi mlezi aliyesajiliwa, anaandika taarifa za maendeleo, Bodi inamfuatilia, na kwa miaka mitatu kuna posho ya kumwezesha kuishi. Serikali ya Norway iliwahi kufadhili wahandisi wanawake kwenye mpango huu, na baadhi yao leo ndio wanaosimamia miradi.

SEAP ni jambo jema na nalisema bila kusita. Udhaifu wake upo kwenye mfuko. Posho inategemea bajeti ya mwaka na wahisani, nafasi ni chache kuliko wahitimu, na mhitimu anaweza kuwa na kila sifa akasubiri. Ndiyo maana namwambia kila kijana: omba SEAP, lakini usiifanye kuwa mpango wako pekee.

Kabla sijafika kwenye fedha, niseme kinachonunuliwa na miaka hiyo mitatu, maana nimeshasikia watu wazima wakisema ni urasimu tu, "mtoto ana digrii, mpeni kazi."

Chukua siku ya kumwaga zege la nguzo. Mhitimu anajua darasani kwamba maji yakizidi kwenye mchanganyiko, nguvu ya zege inashuka. Ameshachora grafu yake, ameifanyia mtihani na akafaulu. Sasa yuko saiti. Zege la kwanza limetoka kwenye mashine ni zito, vijana wa toroli wanalalamika, fundi mmoja anachukua ndoo ya maji na kuimimina. Mhitimu anatakiwa achukue kile kikoni cha chuma chenye kimo cha milimita 300, akijaze zege kwa tabaka tatu, agonge kila tabaka mara 25, akinyanyue taratibu, apime zege limeporomoka kiasi gani. Anapima. Limeporomoka kupita kiwango. Fomeni, mtu wa umri wa baba yake, anamwangalia tu.

"Shikamoo baba. Hili zege halifai kumwagwa."

"Marahaba. Mwanangu, mimi nimemwaga zege kabla hujazaliwa."

Hapo ndipo uhandisi unapoanza. Hakuna fomula ya kumjibu mzee yule. Ukiwa peke yako, na wewe ni wa posho, na mkandarasi ana haraka, utanyamaza. Zege litamwagwa, nguzo itasimama, nyumba itapakwa rangi. Vile vipande vya sampuli vya milimita 150 vitavunjwa maabara siku ya 7 na siku ya 28, na majibu yakitoka mabaya ghorofa ya juu itakuwa imeshaanza. Lakini ukiwa na mlezi, atasogea, atamsalimu fomeni, atamwambia kwa heshima kwamba kijana yuko sahihi, zege linarudi. Jioni atakukalisha akueleze kwa nini mzee alikataa: saruji iliyotupwa inakatwa kwenye malipo ya kundi lake. Safari nyingine utazungumza na fomeni asubuhi, kabla mashine haijawashwa.

Hilo halifundishwi kwa kitabu, na halifundishwi bure. Saa ambayo mhandisi mlezi anakaa na mhitimu, ni saa ambayo hasimamii kazi inayoiingizia kampuni pesa. Mhitimu anahitaji kofia, buti, nauli, bima, chakula, na makosa yake ya mwanzo yana gharama ambayo mtu anaibeba. Kampuni ndogo ya wahandisi watano inapokuambia haina uwezo wa kuchukua wahitimu, mara nyingi inasema kweli.

Sasa fedha. Mwanafunzi, ukipata mkopo, usiishie kutazama jumla yake. Fungua mchanganuo usome kila kipengele: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi, bumu tunaloliita, ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Bumu ndilo wanalolisubiri wote. Mimi nakuomba uilinde fedha ya mafunzo kwa vitendo kuliko hilo. Nimeona vijana wakichagua sehemu ya PT kwa sababu iko karibu na kwa mjomba, ili fedha ibaki. Wanakaa ofisini wiki nane wakichapa barua, wanagongewa mhuri, wanarudi chuo. Mwaka wa nne ukiisha hawana mhandisi hata mmoja nje ya chuo anayelijua jina lao.

PT ndiyo mlango wa miaka mitatu. Ichague kwa kuangalia nani atakuwa juu yako. Ukiwa mwaka wa pili, nenda mahali penye kazi inayoendelea na mhandisi aliyesajiliwa, hata kama ni mbali na utalala chumba cha kubanana. Mwaka wa tatu rudi palepale kama walikupokea vizuri. Wanaporudi kwangu mara ya pili, mimi nawapa kazi ya kweli. Na ninapotafuta mhitimu, jina la kwanza kunijia ni la yule aliyewahi kunisumbua kwa maswali akiwa mwanafunzi.

Halafu kuna deni. HESLB inampa mnufaika miezi 24 baada ya kumaliza masomo kabla hajaanza kurejesha. Mafunzo ya mhandisi mhitimu ni miezi 36. Ziweke hesabu hizo mbili pamoja. Kwa mwaka mzima, mtu ambaye sheria ya taaluma yake inamtambua bado kama mwanafunzi wa kazi, sheria ya mikopo inamtambua kama mdaiwa. Akiajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, na tulishangilia kwa haki, maana ilikuwa inafanya deni linenepe huku mtu akilipa. Lakini hii tofauti ya miezi 12 ipo, na sijamsikia mbunge akiisemea. Kama kuna muda wa kusubiri kabla ya kurejesha unaostahili kurefushwa, ni wa mhitimu aliyesajiliwa kwenye mafunzo yanayotambuliwa na bodi ya taaluma yake. Ushahidi upo, na Bodi zote mbili ni za serikali moja.

Mzazi, wewe nakushauri hivi: kama una uwezo wa kutenga chochote, usikimalize kwenye miaka minne. Najua ni vigumu, na wengine hata hiyo minne mnaimaliza kwa kukopa vikoba. Lakini shilingi inayomweka kijana mjini kwa miezi sita ya kwanza baada ya kuhitimu, akiwa amepata mlezi mzuri lakini posho haijaanza, ina kazi kubwa kuliko kompyuta mpakato ya mwaka wa kwanza. Nimewaona walioacha nafasi nzuri ya kujifunza kwa sababu ya kodi ya chumba tu. Wakaenda kuuza vifaa vya simu, na uhandisi ukaishia hapo.

Upande wa usimamizi nao una mtego wake. Shahada inasimamiwa na TCU. Stashahada ya ufundi inasimamiwa na NACTVET. Jina la mhandisi linasimamiwa na ERB. Hizi ni mamlaka tofauti, kila moja na sheria yake, na kozi inaweza kuwa halali kwa mmoja huku mwingine akiwa na maswali. Chuo kinapofungua programu mpya yenye jina la kuvutia, usiulize tu kama TCU imeiidhinisha. Uliza pia ERB: mhitimu wa programu hii atasajiliwa kama nani? Andika barua au barua pepe, na jibu ulihifadhi.

Wakenya walilipia somo hili kwa miaka. Wahitimu zaidi ya mia moja walimaliza shahada za uhandisi kwenye vyuo vikuu vya umma, wakaenda kujisajili, bodi ya wahandisi ya kwao ikasema kozi zao haizitambui. Kesi ilianzia chini ikapanda hadi Mahakama ya Juu, hukumu ikatoka mwaka 2018. Hebu fikiria kijana anayesubiri jaji aamue kama yeye ni mhandisi au la, huku wenzake wa darasa jingine wameshapata mihuri. Mvutano wa bodi na vyuo ulikuwa wa wakubwa, umri uliotumika ulikuwa wa watoto. Upande wangu, naona bodi ya taaluma iwe na sauti kabla programu haijafunguliwa, wala si baada ya mwanafunzi kuhitimu. Na ikishakaa kimya wakati wa kufungua, isipate nafasi ya kukataa wakati wa kusajili.

Fedha za vyuo zimeongezeka, hilo tulikiri. Mradi wa HEET, wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, ulianza mwaka 2021, unajenga maabara na madarasa, unapitia mitaala, na unataka vyuo viwe na kamati za ushauri zenye watu wa viwandani. Kuna Samia Scholarship kwa waliofanya vizuri zaidi kwenye sayansi kidato cha sita. Tangu 2023/24 hata wanafunzi wa stashahada za fani za kipaumbele wanakopeshwa. Vyote hivi naviunga mkono kwa moyo wote. Ila tazama vinaishia wapi: vinaishia siku ya mahafali.

Na hapa nazungumza na wenye kampuni, maana nipo kundi hilo pia. Kila mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Sehemu yake inakwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na sehemu nyingine imekuwa ikisaidia mikopo ya elimu ya juu. Ina maana sekta binafsi tayari inachangia miaka minne ya yule kijana. Kisha anakuja mlangoni kwetu kwa miaka mitatu, na anayempokea hapunguziwi chochote. Anayemfukuza naye analipa kiasi kilekile. Kenya tozo yao ya mafunzo ya viwandani ni shilingi 50 za Kenya kwa mfanyakazi kwa mwezi, ndogo kweli, lakini mwajiri anayefundisha kwa utaratibu ulioidhinishwa anaweza kuomba arejeshewe gharama. Wazo hilo ndilo ninalolitamani hapa. Kampuni yenye mhitimu aliyesajiliwa ERB, mwenye mlezi na taarifa zilizokaguliwa, ipunguziwe SDL kwa kiasi kinacholingana na posho yake. Hazina haitatoa hela mpya, na ukaguzi unafanywa na Bodi ambayo tayari inaufanya.

Njia ya pili ni zabuni. Mikataba ya miradi mikubwa huwa na kifungu kinachosema mkandarasi "atatoa fursa za mafunzo kwa wazawa." Kifungu cha namna hiyo hakina bei, na kisicho na bei saiti hakitekelezwi. Lakini pale ambapo mafunzo ya wahitimu yamewekwa kama kipengele kwenye jedwali la gharama, idadi yao imeandikwa, miezi imeandikwa na posho imeandikwa, mkandarasi anawatafuta mwenyewe, kwa sababu asipokuwa nao halipwi. Wahandisi mnaoandaa zabuni kwenye halmashauri na wakala za serikali, kalamu hiyo mnayo ninyi. Hamhitaji sheria mpya kuongeza mstari mmoja.

Kuna tabia moja lazima niiseme. Zipo kampuni zinazowachukua wahitimu bila posho wala nauli, zinawapa usimamizi wa kazi ambao ungelipiwa mtu mzima, na mlezi anayetajwa kwenye fomu hajawahi kuonekana saiti. Kijana wa jirani yangu alikaa sehemu kama hiyo karibu mwaka mzima. Siku ya kupeleka taarifa, aliyepaswa kusaini akasema hamjui. Kwa hiyo ukipata nafasi, hata kama una njaa nayo, uliza mapema jina la mhandisi atakayekulea na namba yake ya usajili, kisha ihakiki kwenye orodha ya ERB. Omba barua yenye tarehe ya kuanza. Andika kitabu chako cha kazi kila siku kabla hujalala: ulifanya nini, kipimo gani, nani alikuwepo, uamuzi gani ulifanywa na kwa nini. Mpe mlezi asaini kila wiki. Usisubiri mwisho wa robo mwaka, watu huhama, hustaafu, hufariki. Kwenye usaili wa kuwa mhandisi mtaalamu utaulizwa juu ya maamuzi, na mtu hawezi kukumbuka uamuzi wa miaka miwili iliyopita bila kitabu.

Wale ambao SEAP haijawaita na kampuni za mjini zimewafungia milango, jaribuni wilayani. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wapo kwenye kila wilaya, RUWASA wapo na miradi ya maji ya vijiji, TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, wana ofisi kila mkoa. Ofisi hizi zina wahandisi waliosajiliwa, zina kazi nyingi kuliko watu, na wachache sana ndio wanaopeleka barua huko kwa sababu wote wanabanana Dar es Salaam na Dodoma. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa meneja wa wilaya, taja mradi unaoujua unaoendelea kwake, sema unaomba kufanya mafunzo ya mhandisi mhitimu chini ya mhandisi fulani, ambatisha cheti cha usajili wako na nakala za kurasa chache za kitabu chako cha PT. Ipeleke mwenyewe, umesimama, mapema wiki inapoanza kabla hajatoka kwenda kukagua kazi. Akikuambia hana fungu la posho, muulize kama mkandarasi wa mradi ule anaweza kukubeba, na uombe namba yake.